Mikate ya Boga ya Mama Zaina wa Kabondo

Watu wa Kabondo, mtaa wa Kisangani, waliijua mikate ya Zaina binti Lukumani kabla ya kulijua jina lake. Kila asubuhi alitoka nyumbani na beseni kichwani, limefunikwa kitambaa cheupe, akaenda kuketi sokoni upande wa wauza ndizi, na kabla jua halijawa kali beseni lilikuwa tupu. Mikate ilikuwa ya unga wa mchele na boga lililopondwa, kahawia juu na rangi ya machungwa ndani, na ilinukia iliki. Alifundishwa na bibi yake, mzaliwa wa Kasongo, aliyeshuka mto pamoja na zile familia za Waislamu zilizokuja kufanya biashara na zikabaki.

Hakuwa na tanuri. Alipaka sufuria mafuta, akamwaga rojo, akaifunika kwa bati, kisha akatia makaa chini na makaa juu ya bati. Siri yote, aliwaambia wanawake waliomuuliza, ilikuwa makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Wanawake walijaribu, wakaunguza, wakarudi kununua kwake.

Mumewe, Yakubu, hakuila mikate hiyo. Alikuwa mtu wa chumvi na pilipili. Basi boga moja Zaina alilipasua sehemu mbili: nusu ya biashara, tamu, na nusu ya Yakubu, iliyopikwa na vitunguu, karanga na kipande cha makayabo, samaki wa chumvi aliyemnunua kwa Wagiriki wenye maduka. Hawakujaliwa mtoto. Walikula wakitazamana, na Yakubu, aliyekuwa fundi wa mashine kwenye meli za mizigo, alimsimulia habari za bandari moja baada ya nyingine.

Mwezi wa kumi na moja mwaka wa sitini, bendera mpya ya uhuru ikiwa haijatimiza hata miezi mitano mlingotini, Yakubu alishuka na meli kwenda Léopoldville. Nyuma yake wakubwa wa huku na wakubwa wa kule wakagombana, na mto ukafungwa. Meli hazikupanda tena. Barua moja ilifika kwa mkono wa padre: niko mzima, nitarudi mto ukifunguliwa. Zaina akangoja.

Mto ulifunguliwa. Meli zikaanza kupanda, moja, mbili, kisha nyingi, na Zaina alikwenda bandarini kila aliposikia honi. Mwaka wa sitini na tatu mchuuzi mmoja aliyeitwa Célestin, mtu wa kupanda na kushuka mto na vitambaa, alimkuta sokoni akasimama mbele ya beseni lake akiuvuta ukosi wa shati.

"Mama Zaina, bwana yako nilimuona Coquilhatville, kule chini ya mto," alisema. "Iko muzima. Iko na nyumba kule. Iko na muke na mutoto."

Zaina alichagua mkate mzuri kuliko yote, akamfungia kwenye jani. "Asante kwa kuniambia," alisema.

Akarudi nyumbani mapema siku hiyo. Hakumwambia mtu. Majirani walipouliza habari za Yakubu aliendelea kuwajibu kwamba mto ni mgumu, na wao, waliokuwa wakiziona meli kila wiki, waliitikia kwa kichwa na kubadilisha mazungumzo. Baada ya muda waliacha kuuliza. Hapo ndipo upweke ulipomkalia kweli. Kulikuwa na siku ambazo neno la mwisho kutoka kinywani mwake lilikuwa la kuagana na mteja saa nne asubuhi.

Alijishughulisha na shamba. Nyuma ya nyumba alipanda mbegu za maboga, nyingi kuliko alizohitaji, na msimu wa mwaka wa sitini na nne ule mmea ulikuwa kama umerukwa na akili. Ulipanda ua, ukashika paa la jiko, ukaingia kwa jirani. Zaina alivuna maboga zaidi ya arobaini, akayapanga chini ya kitanda na kando ya kuta, mpaka nyumba ikabaki na njia ya mtu mmoja kupita.

Jirani ambaye mmea uliingia kwake alikuwa Hilaire, karani wa serikali, Mkristo, mtu wa shati jeupe na baiskeli yenye kung'aa. Kwa miaka mitatu yeye na Zaina walikuwa wamepeana salamu tu. Mwezi wa saba, habari za uasi zilipoanza kukaribia kutoka upande wa kusini, Hilaire alimpeleka mkewe Micheline na watoto wao wawili kwa wazazi wake huko Opala. Yeye alibaki kulinda kazi.

Mwezi wa nane waasi, walioitwa Simba, waliingia mjini. Askari wa serikali walikimbia wakiacha hata viatu. Siku za kwanza watu walishangilia, wengine kwa furaha na wengine kwa woga. Halafu ikaanza kazi ya kuwatafuta makarani, walimu, na kila aliyedhaniwa kuwa mtu wa serikali ya zamani. Wenzake wawili wa Hilaire walichukuliwa ofisini mchana kweupe. Kesho yake alfajiri, Zaina akitoka kuwasha moto, alimkuta amechutama kati ya majani ya maboga, hana kiatu.

"Mama," alisema Hilaire, "sijui pa kwenda."

Zaina aliutazama ua wa jirani, akautazama wake. Alikuwa mwanamke wa peke yake, na kumwingiza mwanamume asiye wake ndani ya nyumba lilikuwa jambo ambalo hakuwahi hata kuliwaza. Aliwaza, alivyosema baadaye, kwa muda wa kupuliza moto tu.

"Ingia," alisema. "Angalia usikanyage maboga."

Juu ya chumba cha nyuma kulikuwa na dari ya mbao ambako Yakubu alizoea kuweka vyuma vyake. Hilaire alipanda, akavuta ngazi. Akakaa kule miezi mitatu na nusu.

Walikubaliana jambo moja tangu siku ya kwanza: kimya. Nyumba za Kabondo zimesogeleana, na kikohozi cha mwanamume katika nyumba ya mwanamke anayeishi peke yake kingesikika hadi barabarani. Wangeweza kusema wakati wa mvua tu, mvua ile ya Kisangani inayopiga bati mpaka mtu akiwa kando yako lazima apaze sauti. Mvua ilipoanza Zaina alileta kigoda akakiweka chini ya kitundu cha dari, na Hilaire alilala kifudifudi juu, uso wake kitunduni. Siku za mwanzo alimwambia habari za Micheline, na za watoto, na za woga. Baadaye walizungumza mambo ya kawaida: jinsi barua zinavyopangwa ofisini, jinsi bibi wa Kasongo alivyofunga ndoa mara tatu, kama ni kweli Wazungu hula konokono. Zaina alicheka siku hiyo mpaka akafunika mdomo. Akagundua kwamba hakuwa amecheka tangu mwaka gani, hakumbuki.

Alianza kuitazama mbingu. Asubuhi ikiwa kavu alifanya kazi kwa uzito. Mawingu yakijikusanya upande wa maporomoko ya Wagenia, mikono yake ilichangamka. Hakumwambia hilo.

Chakula kilikuwa kigumu. Barabara ya Bengamisa ilifungwa, na wale wanawake waliokuwa wakileta mihogo na mpunga kwa baiskeli hawakuonekana tena. Chumvi iliadimika, sukari ikaisha kabisa. Kilichokuwapo ni maboga, pamoja na gunia nusu la mchele alilokuwa nalo. Wiki ya kwanza Zaina aliyachemsha na kuyapandisha darini yalivyo. Siku ya sita mvua ilipokuja Hilaire alisema kwa adabu:

"Mama Zaina, leo tena iko boga?"

"Kesho pia iko boga," alijibu. "Lakini haitakuwa hili."

Na kweli. Alichuma majani machanga ya maboga, akayamenya nyuzi moja moja, akayapika na karanga za kusaga mpaka mchuzi ukatoa mafuta. Alikausha mbegu juu ya bati, akazibangua kwa kucha jioni mbili nzima, akazitwanga na kitunguu na pilipili, akafunga ule unga laini katika majani mapana ya mangongo na kuupika kwa mvuke. Hilo ni liboke ya mbika, chakula cha sherehe; Hilaire alikula akalamba jani. Aliponda boga na ndizi mbivu za makemba kufidia sukari. Alilikata vipande akalikausha juani kama samaki, akalirudisha motoni na mafuta ya mawese. Maua ya boga aliyachovya katika rojo la mchele akayakaanga. Hakurudia pishi moja siku mbili mfululizo. Ilimpa kitu cha kuwaza alipokuwa akilala: kesho nimpikie nini.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi alitoa punje zake za mwisho za iliki. Aliziweka tangu zamani kwenye kikopo, na akaona hakuna sababu ya kuendelea kuziweka. Alisaga mchele, akaponda boga jekundu lililokomaa sana, akatia ndizi na iliki, akapanga makaa juu na chini. Mkate ulipoiva alikata vipande viwili, akaviweka katika sahani mbili mezani, na alikuwa anakwenda kuleta kigoda apandishe moja kitunduni mlango ulipogongwa na kufunguliwa kwa pamoja.

Aliyeingia alikuwa Simba mmoja, mwanamume wa makamo, mwenye majani yaliyofungwa kichwani na bunduki begani. Alisimama mlangoni akivuta hewa kwa pua.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam, baba."

"Hii harufu nimeisikia kutoka barabarani. Iko iliki?"

"Ni iliki."

Aliketi bila kukaribishwa, bunduki mapajani. Alisema kwao ni Maniema, na mama yake alikuwa akipika hivyo siku za Idi. Zaina alimsogezea sahani moja. Mtu yule akarudisha mikono nyuma kama aliyeona nyoka.

"Siwezi. Dawa yetu inakataza. Chakula cha mukono wa mwanamuke nikikula, risasi itaniingia."

Akabaki akiutazama mkate. Ulikuwa bado unatoa mvuke. Alimeza mate, kisha macho yake yakatoka kwenye sahani moja yakaenda kwenye nyingine.

"Uko na nani hapa?"

"Niko peke yangu."

"Na sahani ni mbili."

Zaina aliketi upande wa pili wa meza. "Ile ni ya bwana yangu," alisema. "Alikwenda na meli tangu mwaka wa sitini. Hajarudi. Kila siku ninamuwekea sahani yake, na akikosa kuja nawapa kuku."

"Miaka mine?"

"Miaka mine."

Mtu yule alirudisha bunduki begani. Alitazama chumba, maboga yaliyopangwa mpaka chini ya kitanda, viatu vya mwanamume visivyokuwapo, mkeka wa mtu mmoja. Kisha akasema taratibu, kwa sauti nyingine kabisa, "Mama yangu naye ananingoja hivyo."

Aliinuka. Aliomba boga moja bichi, kwa kuwa hilo moto wa mwanamke haukuligusa na angeweza kulipika mwenyewe. Zaina alimchagulia kubwa. Akaliweka begani upande usio na bunduki, akatoka, na mlangoni alimuuliza iliki hutiwa kabla au baada ya kuponda. Zaina akamwambia: baada.

Hakuna aliyesogea mpaka alasiri. Mvua ilipoanza, Zaina alipeleka kigoda mahali pake na kupitisha mkate juu. Hilaire alipoupokea nusu ilianguka chini kama makombo.

"Niliskia yote," alisema. "Mama, ni kweli unamuwekaga sahani?"

"Hapana. Hata siku moja."

Mvua ilipiga bati. Zaina alitazama mikono yake, halafu akasema lile ambalo hakuwa amelisema kwa kiumbe: kwamba Yakubu hakupotea, kwamba yuko Coquilhatville na mke na mtoto, kwamba yeye amekuwa akiwadanganya majirani na majirani wanajua. Alisema yote bila kulia, kwa sauti kubwa kwa sababu ya mvua, na alipomaliza koo lilimuuma.

Hilaire alisogeza uso karibu zaidi na kitundu. Halafu akasema, "Bon. Yeye ndiye amepata hasara, mama."

Lilikuwa neno dogo, neno ambalo mtu yeyote angelisema. Zaina aliishi nalo miaka mingi.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja asubuhi moja ndege zilijaa mbinguni, na askari Wazungu, waliokuja kuuchukua mji kutoka kwa Simba, wakashuka kwa miavuli ya vitambaa kama mbegu za pamba. Ikawa milio ya bunduki siku nzima, na siku zilizofuata, na maiti mitaani, za wale waliouawa na Simba na za wale waliouawa kwa kudhaniwa kuwa Simba. Siku ya nne Hilaire aliteremsha ngazi. Alikuwa amekonda, ndevu zimemfika kifuani, na mwanga ulimfanya afunge macho. Alimshika Zaina mikono yote miwili. Akatoka kwenda kuwatafuta Micheline na watoto. Sufuria ilikuwa motoni; hakungoja iive.

Zaina alifagia dari. Mvua ya kwanza baada ya hapo ilimkuta ameshika kigoda mkononi kabla hajakumbuka.

Hilaire alirudi mwezi wa pili, pamoja na familia yake, wazima wote. Alituma salamu kwamba watakuja kumshukuru siku ya Jumapili. Zaina hakulala vizuri kwa kupanga mapishi. Barabara zilikuwa zimeanza kufunguka, sukari ilipatikana, Mgiriki alikuwa na iliki. Alipika majani na karanga, alipika liboke, alioka mkate mkubwa kuliko aliowahi kuoka, na akatandika kitambaa cheupe cha beseni mezani.

Walikuja wamevaa vizuri. Micheline alikuwa mwanamke mpole, mwembamba, alileta kitenge kipya, akapiga magoti kumpa, akasema, "Mama, watoto hawa wana baba kwa sababu yako." Watoto walikula kwa mikono miwili. Zaina akapakua sahani ya Hilaire kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka mbele yake.

Hilaire aliitazama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Aliisukuma sahani polepole mpaka katikati ya meza.

"Mama Zaina, unisamehe," alisema. "Siwezi. Harufu yake tu inanirudisha kule juu. Kule nilikuwa nakufa kila siku."

"Hilaire," Micheline alinong'ona kwa aibu.

"Mwache," alisema Zaina. "Si kosa."

Aliiondoa sahani, akampikia wali mweupe na yai, akampa chai. Aliketi naye mpaka akamaliza. Alikuwa ameelewa, na aliona ni haki. Miezi ile ambayo kwa Zaina nyumba ilikuwa na mtu, kwa Hilaire ilikuwa kaburi lenye kitundu. Hakuna aliyedanganya mwingine. Walikuwa tu wamekaa mahali pamoja bila kuwa pamoja. Walipoaga, alisimama kwenye ua mpaka mgongo wa mtoto wa mwisho ukapotea, kisha akawapa kuku ile sahani.

Hilaire alihamishiwa Léopoldville kabla mwaka haujaisha. Barua yake moja ilifika, ikasomwa na mwalimu wa jirani: salamu nyingi, watoto wanasoma, Mungu akulipe. Zaina alimwomba mwalimu amwandikie jibu, akamwambia aseme mambo yote ni mazuri.

Msimu huo hakupanda maboga. Aliacha shamba liote majani, akauza mchicha alionunua kwa wengine. Wateja ndio waliomrudisha. Walimsimamisha njiani wakiuliza mikate, wakamchosha, na mwishowe alianza tena kwa maboga ya kununua kutoka kwa wanawake wa Bengamisa. Mikate ilikuwa mizuri kama zamani. Wengine walisema ni mizuri zaidi.

Mwaka wa sitini na sita serikali iliuita mji rasmi jina ambalo wenyeji walikuwa wakilitumia siku zote, Kisangani. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, askari waliasi, na milio ikarudi. Wiki nzima watu hawakutoka. Zaina alijilaza sakafuni, godoro upande wa dirisha, na maji ya ndoo mbili. Alifunga mlango wa barabarani kwa komeo. Ule wa nyuma, unaoelekea shambani, hakuufunga. Aliuegesha tu, akaweka sufuria ya boga na wali jikoni, chakula kingi kuliko cha mtu mmoja, na kila asubuhi alichungulia kati ya majani.

Hakuja mtu. Chakula kilichacha siku ya tatu, akakimwaga, akapika kingine.

Milio ilipokwisha alioga, akajifunga kitenge cha Micheline, akaenda sokoni na beseni lililojaa nusu, kwa kuwa unga ulikuwa kidogo. Soko lilikuwa na watu wachache, wote wakiulizana nani yupo na nani hayupo. Fatouma, mmoja wa wale wanawake wa Bengamisa, alikuwa ametembea siku mbili na maboga manne mgongoni. Aliyatua karibu na Zaina, akajinyoosha kiuno.

"Mama, nyumbani kwako wako wazima?" aliuliza.

"Niko peke yangu," alisema Zaina.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu asiye na bunduki, wala hakutaja mto. Fatouma alitikisa kichwa, akasema naye mumewe alichukuliwa mwaka wa sitini na nne, hakurudi. Zaina akamkatia kipande cha mkate. Wakala, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara, mpaka mteja wa kwanza akaja kuuliza kama iliki imo.